Wafu Hawahamishwi

Kwa miaka arobaini na mitano Marvin Tesch alikuwa mwamuzi wa mchezo wa Milango Tisa, kila Jumapili mchana, katika chumba cha chini cha nyumba yake, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amependelea. Waliomwita mkaidi walikuwepo. Waliomwita kichwa kigumu walikuwepo pia, na wa kwanza wao ni mkewe, Carol. Lakini upendeleo, hapana. Kazini alikuwa mkaguzi wa mizani, yule anayeingia duka la nyama na mkoba wake wa mawe ya ratili, akayapanga moja moja juu ya mizani huku mwenye duka akimeza mate. Watu wa mji wao mdogo wa Wisconsin walijua kwamba Marvin akisema ratili, ni ratili.

Mchezo wenyewe hauna mshindi. Kila mchezaji ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake, silaha zake na hila zake. Mwamuzi anawaeleza kilicho mbele yao, pango au joka au mlango uliofungwa, wao wanasema watafanya nini, na pale penye shaka dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua. Ni ngano ambayo hakuna anayejua mwisho wake, hata anayeisimulia.

Walianza mwaka 1979 na toleo la kwanza la kitabu cha sheria, kijitabu chembamba chenye picha zilizochorwa na mtu ambaye alikuwa hajawahi kumwona farasi. Humo mtu alikufa kwa kukanyaga kigae kibaya. Likaja toleo la pili, likawaondoa mashetani, maana akina mama wa kanisani walikuwa wameanza kuuliza vijana wanafanya nini huko chini. Mashetani wenyewe walirudi ukurasa wa tisini kwa jina jingine. La tatu lilikuwa na sheria ya kila kitu, hata ya kupanda ngazi iliyolowa, na kujaza karatasi ya mhusika mmoja kulichosha kuliko kujaza fomu za kodi. La nne lilitaka ramani yenye miraba na vinyago vya kusogeza, nalo lilizusha ugomvi hata wachezaji wawili wakachukua makoti yao na hawajaonekana tena. Kisha la tano. Picha za kupendeza, kila mhusika na historia ya utoto wake na majonzi yake, na kufa humo ni kazi kwelikweli: sumu inakuumiza tu, ukianguka unatupa dadu mara kadhaa kupigania roho, na mwenzako akikugusa unaamka na kudai supu.

Marvin hakulichukia. Alikuwa na maoni yake tu, kwamba kila toleo huonyesha watu wa wakati wake waliogopa nini. Wao, vijana wa 1979, waliogopa kuonekana waoga. Wa leo, kwa jinsi alivyowaona, waliogopa kuachwa peke yao, na hilo si jambo la kumcheka mtu.

Kila toleo lilipobadilika, walikuwa na desturi yao. Jumapili moja hawakucheza. Walikaa na penseli na vifutio, wakawahamisha wahusika kutoka sheria za zamani kwenda mpya. Walikuita kuhama nyumba. Lakini waliohama ni wazima tu. Aliyekufa, karatasi yake iliandikwa tarehe, ikakunjwa mara nne, ikatiwa ndani ya kopo la kahawa lililokaa rafuni pamoja na matango ya siki ya Carol. Aliyefia toleo la kwanza alibaki na toleo lake. Wafu hawahamishwi: ndivyo walivyosema, na Marvin ndiye aliyelisema kwanza.

Katika kopo hilo alilala Hadrul, mbilikimo wa milimani mwenye shoka, mhusika wa Leroy Stenzel. Leroy aliendesha lori la maziwa miaka thelathini, na alimpenda Hadrul kuliko watu kadhaa wa ukoo wake. Tarehe 14 Februari 1982, nge mkubwa kama ng'ombe alimchoma. Leroy akatupa dadu, ikaja kumi na moja. Marvin akasema, bila hata kufungua kitabu, kwamba shujaa huhitaji kumi na tatu au zaidi kuponea sumu. Hadrul akafa hapo hapo, na Carol akawaambia kutoka ngazini kwamba wanaume wengine siku ya wapendanao huleta maua.

Kifo hicho kilikuwa mali ya Leroy. Alikisimulia baa, alikisimulia harusini kwa binti yake, alimsimulia muuguzi aliyekuwa akimtafuta mshipa. Na mwaka wa toleo la tatu, kijana mmoja mgeni aliponung'unika kwamba mwamuzi anawapendelea rafiki zake, Leroy ndiye aliyesimama. "Huyu?" alisema. "Huyu alimuua Hadrul wangu mbele ya macho yangu, na siku ya pili yake nikamsaidia kusukuma gari lake lililokwama kwenye theluji. Hajui kupendelea, huyu. Hata ukimfundisha hajui."

Sasa Leroy alikuwa na miaka sitini na tisa, na mikono yake ilitetemeka kwa ule ugonjwa usiorudi nyuma. Binti yake, Gretchen, alikuja kumchukua akakae naye Arizona. Wangeondoka Jumatatu. Jumapili, tarehe tatu Machi, ndiyo ingekuwa ya mwisho, na Alhamisi Gretchen akaja kwa Marvin na kitabu kipya chini ya kwapa.

"Anko Marvin, nina ombi," alisema, akikung'uta theluji viatuni. "Nataka Jumapili umpe baba Hadrul."

"Hadrul amekufa."

"Najua amekufa, Anko. Nimelelewa na maiti yake. Lakini tazama, nimemwandika upya kwa sheria za sasa." Akatoa karatasi safi, yenye rangi. "Humu sumu ya nge inampunguzia nguvu kidogo, basi. Asingekufa. Hata leo tukisema aliamka tu, kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba hakuamka."

"Mikono yake umeiona? Hajui kama mwakani ataweza hata kuishika hiyo dadu."

"Nimeiona."

"Watu siku hizi hawachezi ili wauawe. Wanatoka kazini wamechoka, wanataka kukaa na wenzao, wacheke. Hilo nalo ni dhambi?"

"Si dhambi, mwanangu. Lakini baba yako hakuchezea hayo. Wafu hawahamishwi."

Gretchen alimtazama kama unavyoitazama mashine iliyokumezea sarafu. "Na wewe ndiye rafiki yake," alisema, akaondoka bila kunywa kahawa.

Neno hilo lilimchoma Marvin, na mtu aliyechomwa hutafuta wa kumtetea. Akateremka chini, akatoa kile kijitabu cha kwanza, akitaka apige picha ya mstari wenyewe amtumie Gretchen, aone kwamba si yeye aliyeamua bali sheria. Akafungua jedwali la kuponea. Mashujaa: sumu, kumi na tatu. Naam. Akapiga picha. Kisha, kwa mazoea ya kazi, maana mkaguzi hasomi upande mmoja wa karatasi akaondoka, akageuza ukurasa.

Jedwali liliendelea nyuma. Mstari wa juu kabisa: Mbilikimo, sumu, tisa.

Alisoma mara tatu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Katika mapigano, mbilikimo wa toleo la kwanza alihesabiwa pamoja na mashujaa, mstari mmoja. Hilo alilijua kama jina lake. Kwa sumu alikuwa na mstari wake mwenyewe, nyuma ya karatasi. Mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na tisa na aliona fahari kutofungua kitabu mbele ya watu. Na nani angemsahihisha? Kitabu kilikuwa kimoja, chake, na ilikuwa mwiko mchezaji kusoma kitabu cha mwamuzi. Toleo la pili lilipokuja, mstari ule ulifutwa, mambo yakapangwa upya, na hapakuwa tena na sababu ya mtu kurudi nyuma kuutafuta.

Kumi na moja. Ilihitajika tisa. Hadrul alikuwa amepona.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni. Alikwisha kuwafungia watu maduka kwa kosa dogo kuliko hilo.

Carol alimkuta mezani jikoni amekishika kijitabu na supu imepoa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mume wangu," alisema, "ni mbilikimo."

"Ni mizani, Carol. Amenisifu miaka yote hii kwa mizani iliyopotoka."

"Basi mwambie."

"Nitamwambiaje? Kile kifo ndicho hadithi yake. Anaondoka Jumatatu, mimi nimnyang'anye hata hicho?"

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," alisema Carol, akiondoa bakuli. "Ukimwambia, atakasirika siku moja. Usipomwambia, utanizungukia humu ndani na uso huo mpaka mimi nife. Chagua."

Jumapili walikuwa watatu tu mezani, Marvin, Leroy na Gretchen, maana wengine walikuwa wamekwisha aga wiki iliyotangulia na wachache waliobaki walizuiwa na theluji. Katikati palikuwa na sahani ya jibini bichi, lile linalolia chini ya meno. Leroy alikuwa amekuja na kikombe cha plastiki cha kutikisia dadu, kwa kuwa vidole havikumtii tena. Gretchen hakumtazama Marvin.

Marvin akasimama. Hakuwa na kawaida ya kusimama.

"Nini, unataka kuhutubia?" Leroy akasema. "Kama ni hotuba ya kuniaga, fupisha. Nina koo kavu."

"Leroy. Mwaka themanini na mbili nilikosea." Akaweka kijitabu mezani, wazi, nyuma ya ukurasa. "Nilikusomea mstari wa mashujaa. Mbilikimo wana mstari wao. Soma mwenyewe."

Leroy akakivuta kijitabu karibu. Kidole chake kilitetemeka juu ya mstari, kikauacha, kikaurudia.

"Tisa," alisema.

"Tisa."

"Nami nilitupa kumi na moja."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Hadrul alipona."

"Alipona."

Leroy akageuka kulitazama kopo la kahawa rafuni. "We Marv," alisema taratibu, "umenizika mzima."

Gretchen akacheka, kisha akaona baba yake hacheki, akanyamaza.

"Miaka arobaini na miwili!" Leroy akapiga meza, jibini likaruka. "Siku ile nililia ndani ya lori kutoka hapa mpaka kiwandani, maziwa yakachelewa, nikakatwa mshahara! Nimekisimulia kifo kile kwa watu ambao hata majina yao siyajui! Kifo changu kizuri kuliko vyote, kumbe karani hakugeuza ukurasa!"

"Nakuomba radhi."

"Radhi nitakupa nikitaka!"

"Nimekosea, Leroy. Sina la kujitetea."

"Usijitetee! Ukijitetea nitakurushia hili jibini!"

Carol alitokea ngazini na sufuria ya soseji zilizochemshwa kwa bia. "Mpe mtu ale kwanza ndipo umgombeze," alisema. "Mwenye njaa hagombani vizuri." Akaweka sufuria na, tofauti na desturi yake ya miaka yote, akavuta kiti akakaa.

Leroy alikula soseji mbili, akafuta mdomo, na hasira ikamshuka kama ilivyompanda. Gretchen akaona nafasi yake, akatoa ile karatasi ya rangi.

"Baba, basi mambo yamekuwa rahisi. Kama alipona, hakuwa maiti. Anaweza kuhama. Nimekwisha mwandika, tazama, hata wimbo wa ukoo wake nimem—"

"Nani kasema anahama?" Leroy akasema. "Marv, lete kopo."

Marvin akalileta. Karatasi ya Hadrul ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na mikunjo yake ilitaka kuachana. Leroy akaitandaza mbele yake kwa viganja viwili.

"Huyu ni mtu wa toleo la kwanza," alisema. "Na kama alipona sumu, basi nge bado yuko mbele yake. Hatujamaliza. Daftari lako la mwaka ule unalo?"

Mtu kama Marvin halitupi daftari. Akalipata rafuni, akalifungua pale pale. Wenzake Hadrul walikuwa wamekwisha kimbia. Nge alikuwa amebakiwa na uhai wa pointi kumi na nne.

"Gretchen, na wewe?" Marvin akauliza.

"Mimi simo," Gretchen alisema, akiikunja karatasi yake. "Mwaka ule mimi hata sijazaliwa."

Basi wakaendelea kutoka pale walipoachia. Marvin aliwaeleza pango, maji yanayodondoka, mwenge ulioanguka na kuzimika nusu, na sauti yake ikawa ile ya zamani bila yeye kukusudia. Leroy akasema Hadrul ananyanyuka, anatema mate, anamwita nge jina ambalo Carol alimkataza kulirudia. Akatikisa kikombe. Shoka likapata. Akatikisa tena, likapata tena. Nge akabakiwa na pointi tatu. Gretchen alikuwa ameuma kidole gumba chake.

"Zamu ya nge," Marvin akasema, akatupa dadu yake peupe, mbele ya wote. Kumi na nane. "Amekuchoma. Sumu." Akausukuma ule ukurasa katikati ya meza. "Soma wewe."

"Tisa au zaidi," Leroy akasoma. Akatia dadu kikombeni, akatikisa, na mkono ukamruka. Dadu ikagonga ukingo wa meza, ikaanguka sakafuni, ikabingirika kuelekea tundu la kutolea maji sakafuni, kama dadu zote zilizoanguka chumbani humo tangu 1979, kisha ikapotelea chini ya friza.

Marvin akapiga magoti na tochi. Wengine wote walibaki vitini. Chini ya friza, kwenye vumbi, dadu ilikuwa imetulia, na juu yake palikuwa na kumi na tisa.

Sheria ya nyumba ilikuwa ya siku ya kwanza kabisa: sakafu ina mteremko, dadu ya sakafuni haihesabiwi. Lakini aliyeiona ni yeye peke yake. Angeweza kusema, "Kwa leo tu, tuihesabu," na hakuna ambaye angebisha, Gretchen angemkumbatia, na Leroy angekwenda Arizona na mbilikimo mzima mfukoni. Si alikuwa na deni naye? Marvin alibaki pale magotini muda mrefu kuliko magoti yake yalivyopenda. Katika kazi yake alikuta mizani nyingi zilizopotoka, na si zote zilipotoshwa na wezi. Palikuwa na muuza nyama mmoja aliyewazidishia wajane. Marvin alimpenda sana mtu yule, na alimwandikia kosa kama wengine, kwa sababu mizani inayojua nani anapima si mizani tena.

Akainuka, akaifuta dadu vumbi. "Ya sakafuni," alisema, akaitia kikombeni mwa Leroy.

Leroy akakishika kikombe kwa mikono miwili. Dadu ikatoka, ikazunguka kando ya sahani ya jibini, ikasimama.

Nane.

Mashine ya kupasha nyumba joto ikawaka, ikanguruma.

"Baba," Gretchen akasema, sauti ikimkatika, "kwa toleo jipya ungetupa tena, bado ungekuwa na—"

"Nyamaza, mama," Leroy akamwambia kwa upole. "Mwamuzi hajasoma. Soma, Marv."

"Inahitajika tisa," Marvin alisema. "Imekuja nane. Hadrul amekufa."

Leroy akaegemea kiti, akatoa pumzi ndefu. Mikono yake ilicheza juu ya mapaja. Kisha akamkazia Marvin macho.

"Na ile ya sakafuni ilikuwa ngapi?"

Marvin hakukwepa. "Kumi na tisa."

Gretchen akaziba mdomo. Carol akasema, "Ee Mungu wangu, mwanamume huyu." Na Leroy akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, mpaka machozi yakamtoka na Gretchen akamshika asianguke.

"Kumi na tisa!" alisema. "Na ukainuka na uso huo huo, kama mtu aliyekwenda kuokota kifungo!"

"Dadu ya sakafuni haihesabiwi."

"Haihesabiwi!" Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Sasa nimekufa sawasawa, bwana wewe. Hadithi ya zamani ilikuwa nzuri, lakini hii! Huko Arizona watanikoma." Kisha akatulia. "Na radhi yako nimekupa. Usiniombe tena."

Marvin akachukua kalamu. Mkaguzi hafuti. Akikosea hesabu, anapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lisomeke chini yake, anaandika sahihi, anatia saini pembeni. Alipiga mstari juu ya 14 Februari 1982, akaandika chini yake 3 Machi 2024, akatia saini. Kisha akamgeuzia Leroy karatasi aweke yake kama shahidi, nayo ilitoka imepinda na kukatika, lakini ilisomeka.

Leroy akaikunja mara nne, akaitia koponi, akachukua kifuniko. Kilimchukua muda mrefu kukifunga, na wote watatu walikaa wakamngoja mpaka alipokifunga mwenyewe.